Martina Ntandu, Tabibu Aliyesoma Tumbo kwa Pumzi

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Dokta Martina Ntandu atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika Hospitali ya Kilima cha Neema hapa Singida, na siku hiyo hiyo atakabidhi funguo za chumba cha vipimo vya pumzi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mganga mfawidhi siku aliporipoti kazini, na kwa sababu, kama walivyosema kwa adabu, bado nipo. Ni kweli nipo. Moyo wangu umechoka, na vijana wanaonitibu wameniambia wazi kwamba safari iliyobaki si ndefu, kama nilivyowafundisha kuwaambia wengine. Kwa hiyo naandika nikiwa nimeegemea mito, tena kwa furaha kiasi kwamba mke wangu Eliana ameshanikaripia nitulie kabla sijaanguka kitandani. Siku ya sherehe binti yetu Ritha atawasomea.

Kabla ya yote, nina la kuungama. Watumishi wa hospitali hii mmesikia habari za mzee wa Misigiri. Kila kundi la wanafunzi waliopita mikononi mwa Dokta Martina wamefundishwa kwa kisa chake: mzee aliyetibiwa bakteria wa tumbo hadi wakaisha, halafu akaendelea kukonda. Baadhi yenu mmekuwa mkinong'ona kwamba mzee huyo ni wa kubuni. Daktari bingwa mmoja aliyetutembelea alisema mbele ya watu kwamba kisa kile kimenyooka mno, hakina harufu ya mtu. Dokta Martina alicheka tu, akaendelea na somo.

Mzee wa Misigiri ni mimi, Peniel Msengi. Nilimwomba asinitaje, naye hakunitaja kwa miaka kumi na moja, hata alipoitwa mtunga hadithi. Sababu ya kumwomba hivyo mtaiona mbele, na mkicheka nitakuwa nimestahili. Siwezi kumwacha astaafu na doa la uongo ambao hakuusema, wala siwezi kwenda nilikoitwa nikiwa nimekalia ukweli wake.

Martina alizaliwa Issuna, katika nyumba ya wakulima wa mtama na alizeti, akafika kwetu mwaka 1991 akiwa tabibu mchanga. Siku ya kwanza alinisalimia shikamoo kwa heshima zote, kisha akaniuliza kwa nini kliniki ya nje ilikuwa na benchi moja na wagonjwa mia. Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo. Akaniambia, "Mzee, hilo si jibu, hiyo ni picha." Wiki hiyo hiyo benchi ziliongezeka, sijui alizitoa wapi, ingawa kanisa la jirani lililalamika kwa muda. Kicheko chake kilisikika hadi chumba cha kufulia. Wagonjwa waliokuwa wanakuja mara ya kwanza walidhani kuna harusi.

Alirudi masomoni kwa miaka miwili akawa daktari msaidizi, kisha akapelekwa mafunzo ya kutumia kamera ya kuangalia ndani ya tumbo. Aliporudi alipewa kitengo kidogo cha magonjwa ya mfumo wa chakula, chenye vyumba viwili na pazia moja. Hapo ndipo alipokaa hadi leo, na hapo ndipo alipokutana na jambo lililomfanya ajulikane.

Mtu yeyote aliyefanya kazi mkoani kwetu anajua habari za bakteria wa tumbo, yule ambaye wagonjwa wamezoea kumwita eichi-pailori. Anaingia utotoni, anajichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo, na anaweza kukaa humo maisha yote. Wengine hawamsikii kabisa. Wengine anawaletea vidonda, na wachache, baada ya miaka mingi, saratani. Tunamtibu kwa dawa zinazotolewa kwa pamoja, na mara nyingi anaondoka. Tatizo ni kwamba watu wengi huondokewa na mdudu bila kuondokewa na maumivu. Tumbo linajaa baada ya kula, linanguruma, linauma, choo kinalegea. Mgonjwa anasema mdudu amerudi. Anakwenda duka la dawa, ananunua dozi nyingine, na juu yake vidonge vya kupunguza asidi, ambavyo hapa kwetu humezwa kama peremende. Nilikuwa miongoni mwa madaktari waliofikiri hivyo hivyo, kwa maana ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo vitabu vya wakati wetu vilivyosema.

Martina alianza kuwa na shaka kwa sababu ya Hajira, mama anayeuza vitenge sokoni hapa mjini. Hajira alikuwa amemeza dozi tatu. Vipimo vilionyesha kwamba mdudu hayupo. Bado kila akila, tumbo lake lilivimba hadi wateja wakamuuliza anatarajia kujifungua lini. "Mimi nina miaka hamsini na tano," aliwaambia, "natarajia pensheni." Katika kikao cha wauguzi na madaktari cha Jumatano, wengi walishauri dozi ya nne. Martina alisimama akasema, "Mgeni mmoja akiondoka, msidhani vyumba vyote viko tupu. Tumefukuza wa chumba cha juu. Nani amekwenda kuangalia chumba cha chini?"

Chumba cha chini alichokisema ni utumbo mwembamba, ule unaoanzia pale mfuko wa tumbo unapoishia. Kwa kawaida humo bakteria ni wachache, maana asidi ya tumbo inawaua wengi wanaoingia na chakula, na utumbo wenyewe unawasukuma wengine mbele hadi utumbo mpana, ambako ndiko kwao. Lakini eichi-pailori akikaa miaka mingi anaweza kuuchakaza ukuta wa tumbo hadi asidi ikapungua. Vidonge vya kupunguza asidi navyo, vikimezwa mwezi baada ya mwezi, vinafanya kazi hiyo hiyo. Mlinzi wa geti akilala, wapita njia wanaingia. Wakishaingia wanazaana pasipo pao, wanakula chakula kabla mwenye nacho hajakipata, wanatoa hewa, na tumbo linajaa. Dalili zinafanana na zile za mdudu wa kwanza kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, au akaponywa la kwanza akabaki na la pili bila mtu kujua.

Dokta Martina hakuwahi kusema kwamba mambo haya mawili lazima yaende pamoja. Alikuwa akisoma kila alichokipata, na alitueleza kwamba hata watafiti wa nchi nyingine bado wanabishana: wengine wanaona uhusiano wazi, wengine wanaona mdogo, na wengine wanasema lawama ziende kwa vidonge vya asidi zaidi kuliko kwa mdudu. Alichokitaka ni njia ya kuangalia, na njia ilikuwa kabatini mwetu. Wageni fulani walikuwa wametuachia mashine ya kupima hewa ya haidrojeni kwenye pumzi, ikakaa imefunikwa shuka kwa kukosa mtu wa kuihitaji. Mtaalamu wetu wa maabara, Obadia, aliiwasha, akaisafisha, akaijaribu kwa pumzi yake mwenyewe, akatangaza kwamba ni nzima.

Natamani wote muone uzuri wa kipimo hiki kama Martina alivyonionyesha mimi. Mwili wa binadamu hautengenezi haidrojeni. Ni bakteria wanaoitengeneza, wakila sukari. Inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, inatoka mdomoni. Mpe mtu ambaye hajala tangu jana yake glasi ya maji yenye glukosi, ambayo kwa kawaida hunyonywa mapema kabla haijafika mbali. Kisha mwambie apulize kila baada ya muda. Haidrojeni ikipanda, maana yake kuna bakteria huko juu waliomtangulia kuila. Bila kisu na bila kamera, pumzi inakusimulia yanayotendeka mahali ambapo mkono haufiki! Nilikuwa na miaka sabini na moja nilipoelezwa hayo, na nilijisikia kama mwanafunzi aliyeonyeshwa hadubini kwa mara ya kwanza.

Nilielezwa kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Nilishastaafu, nikarudi kulima kwetu Misigiri, nikaanza kukonda mwaka 2014. Kila chakula kilikuwa adhabu. Nikila ugali kidogo, mkanda haufungi. Choo hakikutulia. Miguu ilianza kuwaka moto nyayoni, nikasema ni uzee. Martina alinipitishia kamera, akamkuta eichi-pailori na ukuta wa tumbo uliochakaa. Alichukua vinyama vya kupima, havikuonyesha saratani. Nilimeza dawa zote kwa uaminifu, na kipimo cha marudio kikaonyesha kwamba mdudu ameisha. Niliendelea kukonda.

Hapa niseme wazi lililokuwa moyoni, kwa kuwa sikumwambia mtu mwingine isipokuwa mke wangu. Niliamini nina saratani ambayo kamera haikuiona. Nilishawatazama wagonjwa wangu mwenyewe wakiisha namna ile, mmoja mmoja, mbele ya sahani zilizojaa. Niliwaita watoto nikawaonyesha mahali pa kunizika, upande wa juu wa shamba, pasipotuama maji. Eliana alikataa kwenda kupaona. Alisema, "Baba Ritha, kama unataka kuchimba, kachimbe viazi." Kisha akampigia simu Martina, na mimi nikaamriwa nije Singida kwa kipimo cha pumzi.

Wakati huo Dokta Martina alikuwa kama yuko mbinguni kwa furaha. Wagonjwa aliokuwa amewapima mwezi mzima walikuwa wamepuliza namba za ajabu, Hajira akiwa mmoja wao. Takriban wote walikuwa juu tangu pulizo la kwanza, kabla hata hawajanywa maji ya glukosi. Aliona kwamba ameugundua ugonjwa wa mkoa mzima. Alikuwa amekubaliwa kuzungumza kwenye mkutano wa madaktari Dodoma, na Obadia alikuwa ameshamchorea michoro ya rangi.

Nilifika mjini siku moja kabla, nikalala Ipembe kwa shemeji yangu Belinda, dada yake Eliana. Maagizo nilikuwa nayo: usiku kula wali mweupe kidogo, kisha usile kitu hadi upimwe. Asubuhi nikafika hospitali na mke wangu, nikakaa kwenye kiti nilichokuwa nimekinunua mwenyewe enzi za utawala wangu, na Martina akaniuliza kama anavyouliza kila mtu.

"Mzee Msengi, umekula?"

"Sijala tangu jana."

"Una hakika?"

"Dokta, mimi ndiye niliyekufundisha kuwauliza hivyo."

Nikapuliza. Mashine ikapanda hadi Obadia akaigonga ubavuni akidhani imekwama. Martina akaruka. Aliniambia mimi ndiye wa juu kuliko wote, kana kwamba nimeshinda mbio za baiskeli, na nami, Mungu anisamehe, nilianza kujisikia mshindi. Ndipo Eliana, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akifuma, akasema bila kuinua macho:

"Hajala kweli. Kanywa togwa tu. Mabakuli mawili, na la pili aliliomba mwenyewe."

Martina aliweka kalamu mezani, akamgeukia.

"Mama Ritha, shikamoo. Rudia tafadhali."

"Togwa, mwanangu. Belinda angemwachaje mgeni atoke nyumbani na koo kavu? Kwani togwa ni chakula?"

Nami nilikuwa nikimtazama Martina kwa mshangao uleule. Miaka arobaini ya udaktari, na kichwani mwangu togwa haikuwa chakula. Chakula ni ugali. Togwa ni ukarimu. Ni kinywaji cha mtama kilichochachuka, chenye sukari yake na bakteria wake, kamili kwa kuivuruga mashine ile, na mimi ningeapa mbele ya hakimu kwamba nimefunga.

Martina alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kusimama. "Jamani, nimepima togwa!" alisema akifuta machozi. "Mwezi mzima napima togwa ya Singida! Obadia, Dodoma nilikuwa nakwenda kuwatangazia togwa!" Wagonjwa wake wengi walikuwa wa kutoka Issuna, Manyoni na Iramba. Hao wote walilala kwa ndugu mjini, na hakuna ndugu mwenye heshima aliyemruhusu mgeni atoke asubuhi bila bakuli. Walipoulizwa kama wamekula, walijibu ukweli wao.

Ninataka mkumbuke alichofanya baadaye, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya nimheshimu kuliko kamera na vyeti vyote. Hakumlaumu mgonjwa hata mmoja. Alipiga simu Dodoma, akawaambia hana cha kuwasilisha kwa sasa. Alisimama kwenye kikao cha Jumatano akawaeleza wote alivyokosea, akiigiza sauti ya Eliana vizuri kuliko Eliana mwenyewe. Jina langu tu ndilo alilolificha, kwa kuwa nilimsihi koridoni asimwambie mtu kwamba mganga mfawidhi wa zamani alikunywa mabakuli mawili asubuhi ya kipimo. Hapo ndipo mzee wa Misigiri alipozaliwa. Kisha akapaka rangi ubao mlangoni: TOGWA NI CHAKULA. Mmeupita ubao huo kwa miaka, na wageni wengi wameupiga picha wakidhani ni tangazo la lishe.

Aliwaita wagonjwa wote warudi. Hajira alipopimwa upya, pumzi yake ilikuwa safi kabisa, haikupanda hata kidogo. Mtu mwingine angekasirika kupoteza mfano wake mzuri. Martina alianza upya kumuuliza, taratibu, hadi akagundua kwamba Hajira hunywa chai ya maziwa matupu tangu alfajiri hadi jioni pale sokoni, hata asubuhi ya kipimo cha kwanza, na kwamba sukari ya maziwa ndiyo tumbo lake lilikuwa limeshindwa kuimeng'enya. Akamhamishia chai ya rangi. Tumbo likatulia, maneno hayakutulia. Hajira hadi leo akikutana naye sokoni humwambia, "Dokta, uliniponya ukaninyima raha," kisha anamkatia kitenge kwa bei ya dada.

Ikafika zamu yangu. Safari hii nililazwa chumba cha wageni hapo hospitali, na Eliana akalala mlangoni kama askari. Dokta Martina alinieleza bila kuzungusha. Nikipuliza na namba zisipande, itabidi niende Dodoma, kisha pengine Dar es Salaam, kutafuta ugonjwa mwingine tusioujua, katika mwili uliobaki mifupa. Zikipanda, basi ni jambo lenye dawa. Nilimwambia asijisumbue sana, kaburi langu nalijua lilipo. Alinijibu kwa ukali ambao tabibu wa mwaka 1991 asingethubutu: "Kaburi unalijua, utumbo wako huujui. Tuanze na usichokijua."

Nikapuliza. Chini kabisa, kama mtu mzima wa afya. Nikanywa maji ya glukosi. Nikapuliza tena, chini. Obadia alikuwa na kikombe cha chai hakinywi. Nikapuliza mara ya tatu, na namba ikawa ile ile, na nikaona picha ya upande wa juu wa shamba waziwazi, na watoto wamevaa viatu vyao vya kanisani. Eliana aliacha kufuma. Sikumtazama.

Pulizo lililofuata likapanda.

Martina aliinua mkono kutuzuia. "Rudia baada ya muda, Mzee. Nisije nikacheka kabla ya wakati kama juzi." Tukakaa. Nikapuliza kwa pumzi yote niliyokuwa nayo, na namba ikapanda zaidi, ikavuka mpaka aliokuwa ameuandika ukutani kwa chaki. Akapiga meza, chai ya Obadia ikamwagika. "Wapo! Mama Ritha, wapo! Wanamla chakula chake!" Alimkumbatia Eliana wakazunguka naye kama wasichana. Nje, watu waliokuwa wanasubiri dawa walipiga vigelegele, wakidhani kuna aliyejifungua mapacha.

Nadhani mimi ndiye mgonjwa wa kwanza hapa kwetu aliyetoa machozi ya furaha kwa kuambiwa utumbo wake una wadudu wengi mno. Mtu aliyeshajizika anapopewa jina la ugonjwa wake, tena lenye tiba, hupata njaa papo hapo.

Alinipa dawa za kuwapunguza bakteria hao, akaniondolea vidonge vya asidi nilivyokuwa nikiendelea navyo bila sababu, na akanichoma sindano za vitamini B12, kwani tumbo lililochakaa na utumbo uliojaa wageni vyote viwili vinaweza kumnyima mtu vitamini hiyo. Moto wa nyayoni ukazimika. Ulirudi ugonjwa mara moja baada ya mwaka, kama alivyonionya kwamba unaweza, akautibu tena. Nilinenepa hadi suruali zangu zikarudishwa kwa fundi aliyekuwa amezipunguza. Siku niliyomaliza sahani nzima ya ugali wa mtama na mlenda, Eliana aliipiga picha sahani tupu akamtumia Dokta Martina, ambaye aliionyesha idara nzima.

Dodoma alikwenda hatimaye, mwaka uliofuata, akiwa na namba chache lakini za kweli. Aliwaambia madaktari kwamba baadhi ya wagonjwa wake waliopona mdudu wa tumbo walikuwa na wingi wa bakteria kwenye utumbo mwembamba, wengine hawakuwa nao, na kwamba kipimo chenyewe kinaweza kudanganya pande zote mbili, hivyo wamsikilize mgonjwa kabla ya mashine. Kisha akawasimulia togwa. Nimeambiwa kwamba kicheko kilisikika hadi jikoni. Madaktari wa mikoa mingine walianza kukiri vinywaji vya kwao.

Tangu hapo kazi yake imekuwa kubwa. Zahanati za Issuna na Misigiri sasa hazimpi mgonjwa dozi ya pili ya eichi-pailori bila kupima kama mdudu bado yupo. Alikwenda Sekenke kwa wachimbaji wadogo, waliokuwa wakimeza vidonge vya asidi kila asubuhi kwa miaka. Mmoja alimwambia, "Dokta, hiki kidonge ni kama kofia ngumu, siingii shimoni bila nacho." Akamjibu, "Kofia inakulinda na mawe. Hiki kinamfungulia mlango mwizi." Walibishana mchana mzima, na alirudi na majina ya wachimbaji waliokubali kuja kupimwa, pamoja na jogoo aliyepewa kwa heshima ya ubishi wake. Matabibu aliowafundisha wako wilaya zote za mkoa huu, na ukiwasikia wakimuuliza mgonjwa mambo ya jana yake, alichokula, alichokunywa, alichoonja na aliyempa, unajua wametokea mlango gani.

Haikuwa kazi ya raha wakati wote. Kuna wagonjwa aliowakosa, saratani zilizofika zikiwa zimechelewa, na aliwalilia bila kujificha, katikati ya korido, kisha akanawa uso akaita anayefuata. Amelea watoto watatu peke yake tangu mume wake alipofariki, na wote wamesoma. Amegombana na kila mganga mfawidhi aliyenifuata, na kila mmoja wao ameniambia kwa siri kwamba bila yeye kitengo kingekuwa stoo.

Sasa anarudi Issuna, kwenye shamba la alizeti la wazazi wake na banda la kuku alilolijenga kwa kelele nyingi kwenye simu. Kwa niaba ya watumishi wote, wa sasa na wa zamani, namshukuru. Ametufundisha kushangilia ukweli hata unapotuumbua, na kuwapenda wagonjwa kiasi cha kuwauliza tena.

Kwa niaba yangu mwenyewe nina zaidi. Dokta Martina, nilikuja kwako nikiogopa kufa kwa njaa mbele ya chakula. Ukanipa miaka kumi na moja ya kula. Katika miaka hiyo nimewaoza Ritha na wadogo zake, nimepokea wajukuu, nimegombana na Eliana kuhusu chumvi mara zisizo na idadi, na upande wa juu wa shamba tumepanda viazi. Sasa moyo ndio unaodai mapumziko, na siogopi tena. Ninainuka kama mtu anayetoka mezani. Nenda Issuna ukae kwa amani, kuku wako wazaane, mvua ikukute umeshapanda, na majirani wapate muda wa kukizoea kicheko chako. Habari zangu zitakapokufikia, usiache chakula chako kipoe. Maliza kula kwanza, ndipo uje.